Bidii Aliyoiongeza Bwana Labda

Mwaka ule bei ya nta iliposhuka huko Ulaya, Mwingereza mmoja aliyekuwa na kiwanda cha kununua na kuchemsha nta mjini Tabora alianza tabia mpya. Kila asubuhi, kabla moto haujawashwa chini ya mapipa, alisimama mlangoni akatangaza: "Labda mwisho wa mwezi nitapunguza watu. Sijui nani. Labda wewe." Kidole chake kikamwangukia yeyote. Wafanyakazi wakambandika jina: Bwana Labda.

Aliamini kwamba hofu huongeza bidii. Nyapara wake, Anton, aliamini zaidi. Maneno yale aliyarudia mchana na jioni, wala hakuna aliyemtuma.

Bidii iliongezeka kweli. Kila mtu alitafuta kazi nyingine kwa bidii.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Masele, hodari wa kukamua masega. Alirudi kwao Lusu kulima karanga. "Mvua nayo hutisha," alisema, "ila hainisonti kidole."

Alois, mchemshaji mkuu, alivumilia. Lakini usingizi ulimpaa, na nyumbani Ntalikwa akawa mkali kwa kila kiumbe, hata kuku. Mkewe, Eustadia, akachoka.

"Baba, umeachishwa kazi mara ngapi?"

"Sijaachishwa hata mara moja."

"Mbona kila jioni unarudi hapa kama mtu aliyeachishwa?"

Alois alitaka kukasirika, akajikuta anacheka, kisha machozi yakamtoka. Kesho yake akaenda kuaga.

Bwana Labda aliduwaa. "Lakini wewe nisingekufukuza kamwe! Wewe ndiye fundi wangu bora."

"Ungeniambia, bwana."

"Ningekuambia, ungelegea."

Msimu wa asali ulipofika, warina asali walishusha nta tele uani. Kiwandani walikuwa wamebaki wasio na pa kwenda, pamoja na Anton. Bwana Labda akamwamuru nyapara ashike mwiko mwenyewe. Anton alijua kufoka, na nta haina masikio. Aliunguza pipa zima, likawa jeusi kama lami. Alifukuzwa palepale, na safari hii hapakuwa na labda.

Jumapili, baada ya misa, alifika Ntalikwa. Alois na Eustadia walikuwa wakichemsha nta yao wenyewe, ya kumuuzia Abbasi, mfanyabiashara wa mjini.

"Mwangaluka, mama," Anton alisalimu kwa sauti ambayo kiwandani hakuna aliyewahi kuisikia. Akaomba kazi. "Nitafanya lolote. Ila niambieni kwanza, kazi yenyewe ni ya uhakika?"

Eustadia alicheka mpaka akashika kiuno.

"Uhakika? Hatujui kama Abbasi atanunua wiki ijayo. Hata sufuria hili ni la kuazima."

"Sasa?"

"Sasa kuni zimekwisha," akasema Alois.

Anton alisimama kidogo, akitazama njia ya kurudi mjini. Kisha akauliza shoka liko wapi.