Mwaliko wa Mwanamashua

Kisu cha mlukhia, ile mboga yetu ya mlenda, kilikuwa kikienda na kurudi juu ya ubao, mipini yake miwili mikononi mwa mke wangu, na majani yalikuwa yamegeuka uji zamani. Hakuacha. Kando ya ubao kompyuta ilikuwa wazi, na kwenye skrini kulikuwa na maneno machache: Wagdi Shahin amekataa kupokea darasa hili.

"Mama Nadia," nikasema, "hayo majani yameshakiri kila kitu. Yaachie."

"Amekataa, Bayumi. Mara ya pili."

Kila mtu hapa Kafr el-Zayat anajua kwamba mke wangu, Abla Inayat kama wanafunzi wanavyomwita mwalimu wao, akikasirika hapandishi sauti, huishusha. Jioni ile aliishusha mpaka paka wa ghorofa ya chini akahamia kwa shemeji zake ng'ambo ya Nile. Sisemi uongo, nilimwona kwa macho yangu akivuka daraja na kabegi kake.

Hasira yenyewe haikuanzia kwa Wagdi. Ilianzia kwa mkuu wa shule. Mke wangu alikuwa amefikia umri wa kustaafu, na mkuu alimpigia simu kumwambia amkabidhi Ustadh Wagdi, mwalimu wa kumrithi, darasa la kemia la mtandaoni kabla ya Alhamisi jioni. Baada ya hapo akaunti yake ingefungwa, na darasa pamoja na kila kilichomo lingefutika. "Ni kubonyeza mara moja tu, Abla," alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Kubonyeza mara moja. Darasa lile alilijenga juu ya meza hii hii, mwaka ule shule zilipofungwa kwa maradhi, akichemsha siki na magadi katika masufuria yetu huku mimi nikimshikia taa kama mtumwa wa Firauni. Mpaka leo kuna sufuria moja ambayo kahawa ikipikwa humo hutoka povu na kusalimia. Masomo yote yalikuwa mle ndani, na watoto wa mwaka wa mwisho walikuwa wakiyasoma usiku na mchana, kwani mtihani ulikuwa mlangoni.

Basi akabonyeza, kama mtu anayeua mbu. Wagdi akakataa. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi. Wagdi akakataa tena.

"Si ulikuwa unaomba akatae?" nikamchokoza.

"Nilikuwa naomba atamani," akasema. "Atamani mpaka adondokwe na mate, halafu nimpe kwa shingo upande. Mtoto niliyemfundisha mimi kushika kichupa cha asidi bila kutetemeka. Leo ananirudishia darasa langu kama biringani zilizooza."

"Mpigie."

"Nitakula huu ubao kwanza."

Kwa kuwa ubao ule ulikuwa wa marehemu mama yangu, siku ya pili nikapiga mimi. Niliiweka simu mezani katikati yetu, sauti nje, bila kumwambia Wagdi ni nani mwingine anayesikiliza.

"Ami Bayumi, habari za nyumbani?"

"Nyumbani kunachemka. Wewe kijana, darasa la Abla umelikataa kwa nini?"

Akakohoa. "Si nilikataa kwa heshima, Ami? Mtu akikupa kitu chake cha thamani, unasema hapana, Mungu akubariki, kibaki kwako. Akirudia, unasema hapana tena. Mtu aliyelelewa hupokea mara ya tatu."

Nikaona aibu kumcheka, maana ndivyo tulivyo. Hata mwenye duka hukwambia chukua bure, na ole wako uchukue. Ila kompyuta haikulelewa na mtu.

"Ile ni mashine, Wagdi, si sahani ya keki ya basbusa," akasema mke wangu. "Kesho jioni kila kitu kinafutika. Watoto watasoma nini, adabu yako?"

"Abla? Kumbe upo?"

"Nipo tangu mwanzo."

Akakohoa tena. Kisha kijana akasema, polepole, "Basi niwie radhi, nitasema. Hukunipigia. Hukuniandikia hata salamu. Ule mwaliko ulikuja peke yake, mtupu. Nikasema moyoni, huu ni mwaliko wa mwanamashua."

Ndivyo tunavyouita hapa kwetu. Mwanamashua yuko katikati ya mto anakula, anampungia mkono mtu aliye ukingoni, karibu tule ndugu yangu, akijua fika kwamba mgeni hana miguu ya kutembea juu ya maji.

Nilishika meza, nikingoja paa liruke. Halikuruka. Hasira ilikuwa bado imemkaa usoni, lakini niliiona inainuka, inatafuta mtu mwingine wa kumkalia. Ilinipita mimi, ikampita mkuu wa shule, ikakosa pa kwenda.

"Ulinisoma sawasawa," akasema. "Sikutaka uje. Na bado sitaki. Nimekasirika mpaka meno yananiuma, na si wewe uliyeniudhi. Sasa natuma tena. Pokea hapa hapa, nikisikia, bila adabu yoyote."

"Napokea, Abla."

Kwenye skrini jina la Wagdi likapanda juu, la mke wangu likashuka chini yake. Aliyatazama yale majina mawili mpaka skrini ikazima yenyewe.

Alhamisi asubuhi aliingia darasani mtandaoni, "kuhakikisha tu," kama mwanafunzi aliyeficha sura. Wagdi alikuwa akieleza asidi na besi.

"Anakimbia," mke wangu akanong'ona. "Nani anamfukuza?" Kidole chake kilikuwa kikizunguka juu ya vitufe. Mara mkono mdogo wa njano ukainuka kando ya jina lake, na sauti yake ikafunguka.

Wagdi akakatiza maelezo.

"Ndiyo, Abla. Una swali?"

"Hapana," akasema mke wangu. "Nilikuwa natafuta pa kutokea."

Hakuna aliyecheka, wala mimi.

"Ni kile kitufe chekundu, chini kabisa," Wagdi akasema. "Ila hakuna anayekufukuza."

Akakitafuta, akakiona. Akaweka mikono mapajani. Wagdi akarudi kwenye asidi zake, safari hii polepole.