Ndoano ya Chaki

Loo, simu haina uso! Fundi alilijua hilo maji yameshamwagika. Wifi yake, mkataji wa nguo katika chumba chao cha ushonaji, alikuwa amelazwa baada ya kupasuliwa goti. Fundi akamtumia ujumbe kwa kisimu chake cha tochi, kisicho na vile vikatuni vya kucheka: "Usiharakishe kurudi. Bila wewe hapa tunapumua."

Wangekuwa ana kwa ana, wifi angemtupia kitambaa usoni na kumwita mchawi, wakacheka mpaka cherehani isimame. Ndivyo walivyoishi tangu fundi aolewe na kaka mtu. Safari hii jibu lilikuja neno moja: "Sawa." Fundi akipiga, hapokelewi. Wifi akatoka hospitali, akahamia kwa binti yake, na habari zikaja kwamba anaulizia kazi kwingine.

"Hao waliotuletea alama za maandishi, ya kuuliza na ya kushangaa," fundi alimfokea mumewe, "ya utani waliila?"

"Si umwombe tu radhi?"

"Radhi ya utani? Ndiyo ataamini kabisa nilimaanisha!"

Alifoka, lakini meza ya kukatia ilikuwa tupu, naye alimkumbuka yule mwanamke kupita kiasi.

Mle chumbani walikuwa na alama yao wenyewe. Fundi akishampima mteja, huchora ndoano ndogo ya chaki pale ambapo mkataji hatakiwi kubana. Maana yake: hapa legeza, mtu akae kwa raha.

Basi akamshonea wifi gauni, kwa kile kitambaa alichokuwa akikimezea mate siku zote. Akalipiga pasi. Halafu yeye, anayegombana na watu kwa sababu ya kiuzi kimoja, akachukua chaki na kuchora ndoano kifuani, upande wa kushoto. Akampa mumewe alipeleke.

Keshokutwa yake mlango ukasukumwa. Wifi huyo, gongo mkononi, gauni mwilini, na ndoano bado ipo. Hakuipangusa.

"Fundi gani anaacha chaki kwenye nguo ya mtu? Mchawi wewe!"

Fundi alicheka huku machozi yakimtoka. "Kwani hukujua nilikuwa natania?"

"Nilijua, wifi. Ila nilikuwa kitandani, hata kusimama siwezi. Nikajiuliza, je, kama kweli wanapumua?"

Fundi akamvutia kiti mpaka kwenye meza ya kukatia.

"Tangu uondoke hatujapumua," alisema, na safari hii hakucheka.

Wifi akaketi, akanyoosha goti lake taratibu, akaomba mkasi.