Baba Mkwe kwa Mwendo wa Taratibu

Mpiga video wa harusi alikuwa amejiapiza: safari hii baba mkwe atacheka, apende asipende. Mzee huyo, dereva mstaafu wa malori, hakuwahi kuficha kwamba kurekodi sherehe za watu si kazi, ni uvivu uliovaa suti. Basi mkwewe akatengeneza filamu ya vichekesho kutokana na safari ya familia aliyoirekodi mwenyewe. Waigizaji ni ukoo wote wa mkewe, gari la mzee, na usukani anao mzee mwenyewe. Siku ya kuionyesha, sebule ilijaa mpaka watu wakakalia mikono ya makochi.

Lo, mazoea yana taabu! Jamaa amehariri harusi miaka nenda miaka rudi, na mkono wake haukujua njia nyingine. Gari linapata pancha, kinanda kinalia kwa huzuni. Shemeji anateleza kwenye tope, basi anaanguka taratibu, taratibu, maua mekundu ya kuhariria harusi yakimwagika kwenye kioo cha televisheni, mpaka mtu unatamani umsukume amalize. Kichekesho gani hicho? Shangazi aliuliza kama kuna aliyefariki. Shemeji mwenyewe alishasinzia. Mpiga video alijikunyata nyuma ya kochi, aibu imemjaa, akiomba umeme ukatike, nao ukakaa imara kuliko siku zote.

Ikafika sehemu ya njia panda. Mzee amepotea na hataki kuuliza. Mama mkwe ananyoosha kidole kuonyesha barabara ya kushoto, mzee anamgeukia na kumfokea. Siku yenyewe hakuna aliyejali, maana mzee kufoka ni kama jogoo kuwika. Lakini kwa ule mwendo wa harusi, mdomo ulifunguka polepole, mate yakaruka moja moja, na mama mkwe akaushusha mkono wake, akauweka mapajani, akageukia dirishani. Maua nayo yanamwagika tu.

Mzee aliinuka, akaisogelea televisheni.

"Hivi huyo ni mimi?"

"Ni wewe," mama mkwe akajibu. "Na siku hiyo ulikuwa na furaha."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Shangazi alishika mbavu, shemeji akazinduka akacheka asichokijua. Mzee peke yake hakucheka, na mpiga video akaona maji yamezidi unga. Huyu ndiye aliyemtaka acheke, na sasa amemwaibisha mbele ya watoto wake.

Mzee hakurudi kwenye kiti chake. Alikwenda kukaa kando ya mkewe, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ile barabara ya kushoto ndiyo ilikuwa yenyewe. Mama akasema ndiyo. Mzee akatikisa kichwa, akaushika ule mkono uliokuwa mapajani, kisha akamtafuta mkwewe kwa macho.

"Haichekeshi hata kidogo," alisema. "Hiyo kazi yako, mwanangu, usiiache."