Grafu ya Mama Chupa

Jengo lile lilikuwa na ghorofa sita na wakubwa wengi kuliko viti, na wote walinyweshwa chai na mtu mmoja, Mama Chupa. Uongozi ulipoamua kwamba kila mfanyakazi awe na grafu yake ukutani, yeye ndiye aliyeumia kwanza. Mstari wa mlalo ulikuwa saa za kazi, wa wima ulikuwa ghorofa. Bosi anayetaka chai kesho alipita leo akatia nukta yake, basi. Kumuuliza mwenye miguu? Thubutu!

Siku hiyo Mama Chupa alitaka kitu kimoja tu: kufika kwenye mahafali ya kitinda mimba wake saa tisa. Ya kifungua mimba aliyakosa kwa sababu ya nukta ya ghorofa ya nne. Picha ya siku ile ingali sebuleni, binti kasimama na joho lake, pembeni kiti kitupu. Kila akifagia aliigeuzia ukutani, kisha akaona haya akaigeuza tena. Safari hii alikuwa ameapa.

Saa saba anafungua mkanda wa aproni, akaingia mkaguzi wa grafu. Jengo zima lilimwita Bwana Rula, maana hata msalani alikwenda nayo. Akaisimamisha wima kwenye karatasi, akaisogeza taratibu. Saa mbili, nukta moja. Saa nne, nukta moja. Rula ilipofika kwenye saa tisa, akaruka kama aliyekanyaga nyoka.

"Mama! Rula imegonga nukta mbili! Saa tisa uko ghorofa ya pili, na saa tisa hiyohiyo uko ya sita!"

"Baba, mimi sijatia hata moja."

"Sikiliza. Ghorofa ya pili unaweza kuwepo saa mbili, ukarudi saa nne, ukarudi tena saa kumi. Ruhusa. Lakini saa ileile ghorofa mbili? Huo ni uchawi! Kila saa, mahali pamoja. Huondoki hapa mpaka grafu inyooke."

Wakaitwa wakubwa wawili. Bwana mkubwa wa ghorofa ya pili akagoma kufuta nukta yake. Bibi mkubwa wa ghorofa ya sita akaja na suluhu: "Mimi nahitaji mikono yake tu. Miguu mchukue nyie."

Bwana Rula akafikiri kwa dhati kabisa. "Mikono ina grafu yake?"

Mtu akatumwa masjala kutafuta grafu ya mikono. Alirudi baada ya saa nzima, jasho linamtoka, kapata ya shingo tu.

Mama Chupa akatazama saa ya ukutani. Saa nane na robo. Machozi yakamlenga, kisha hasira ikayakausha. Jamani, watu wanagawana mikono yake naye kaivaa!

"Bwana Rula, chini ya ghorofa ya kwanza hapo pameandikwa nini?"

"Sifuri. Nje ya jengo."

"Na kosa ni mahali nukta zilipo, au ni kuwa mbili?"

"Kuwa mbili."

Akanyakua kifutio, akazifuta zote mbili. Kisha akatia nukta yake mwenyewe, saa tisa kwa sifuri, akaikandamiza mpaka ncha ya penseli ikakatika.

"Mzuie!" wakubwa wakapiga kelele, kwa mara ya kwanza kwa sauti moja.

Bwana Rula akasimamisha rula yake juu ya saa tisa, akakodoa macho. "Haiwezekani, wakubwa. Imegonga moja. Mkiongeza yenu zinakuwa mbili. Saa tisa mama huyu yuko nje."

"Lakini si huyu hapa, anashuka ngazi!"

"Ni saa nane na dakika ishirini," akasema Bwana Rula. "Ana haki ya kushuka."

Sasa sebuleni kuna picha mbili. Kwenye ya pili kitinda mimba ana joho, na mama yake, aproni ingali kiunoni, amekaa kwenye kiti.