Wateja wa Akaunti Moja

Jonathan, muuza simu wa Igoma, alikuwa kijana mwenye adabu, mwepesi wa kuamkia watu, na mvivu kupita kiasi. Kila simu mpya inataka mwenye nayo afunguliwe akaunti, na kufungua akaunti ni kazi: jina, tarehe ya kuzaliwa, neno la siri ambalo mteja atalisahau kabla hajafika kituoni. Jonathan aliona huo ni usumbufu. Akaunti yake mwenyewe ipo, inafanya kazi vizuri, ya nini kuhangaika? Basi kila simu aliyouza aliitia akaunti hiyo hiyo, akamkabidhi mteja ikiwa tayari, na mteja akaondoka anamsifia. Baadaye watu walikuta majina wasiyoyajua yameingia kwenye simu zao, mganga wa Magu, fundi bomba, mtu aliyeandikwa "Usipokee", wakadhani ndivyo simu za kisasa zilivyo.

Asubuhi moja simu zote hizo zikatoa ujumbe mmoja. Akaunti imefungwa, kwa kuwa ndani yake imeonekana picha ya unyanyasaji wa mtoto. Basi, hakuna zaidi. Kampuni yenyewe iko ng'ambo huko, haina mlango wa kugonga wala karani wa kugombana naye. Jonathan aliandika kuomba radhi, akajibiwa kabla hajaweka simu mezani kwamba ombi lake limeshughulikiwa kwa makini na limekataliwa.

Adoyo alikuwa kwenye cherehani yake anashona sare za shule ujumbe ulipoingia. Aliusoma, akavaa miwani akausoma tena. Picha hiyo aliipiga yeye.

Mjukuu wake Anyango, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa amemwagikiwa na uji wa moto, tumboni na mapajani. Mama yake, Modesta, binti wa Adoyo, anafundisha shule mbali, kwa hiyo mtoto analelewa na bibi. Daktari wa zahanati alimwambia Adoyo asimbebe mtoto kila mara kwenye vumbi la barabara ya Musoma. Ampige picha anapobadilisha dawa, amtumie, naye ataangalia kidonda kinavyokwenda. Adoyo akafanya hivyo. Alimlaza mtoto kwenye kanga bila nguo, kwa sababu hakuna mwenye akili anayemvalisha gauni mtoto mwenye kidonda cha tumbo ndipo ampige picha ya kidonda. Dawa ikabadilishwa mara moja kwa ajili ya picha hizo, kidonda kikakauka, mtoto akarudi kucheza. Na sasa mashine isiyojua uji wala malengelenge ilikuwa imeangalia mapaja ya mgonjwa ikaona uchafu, na uchafu huo ikamwandikia yeye. Adoyo alitamani kuipata hiyo mashine ana kwa ana, aitolee maneno ya Kijaluo ambayo hayana tafsiri.

Lakini mashine haikumtisha. Waliomtisha ni watu wa Igoma. Alitaka jambo moja tu, kwamba asitokee mtu wa kujua kuwa mtoto wa picha ile ni Anyango. Aliwajua majirani zake. Jina likimshika mtoto hapa halimwachii. Angelibeba darasani, angelibeba kisimani, na siku ya kuposwa angetokea mtu wa kuwakumbusha wakwe.

Jumamosi Jonathan akawaita wateja wake uani nyuma ya duka. Mabenchi yakapangwa, na mzee Nestory akakalia kiti cha mwenyekiti. Hakuna aliyemchagua. Nestory alikuwa bwana shamba mstaafu, na tangu astaafu hajawahi kuona benchi lenye watu akaacha kuliongoza.

"Shikamoo, mwenyekiti," Jonathan akasema.

"Marahaba. Kaa chini, wewe ndiye mshitakiwa."

Wa kwanza kusimama alikuwa Ngosha, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuitia ng'ombe hata akiwa anaomba chumvi. "Simu hii nimeinunua mimi," akasema. "Nani kampa mtu wa ng'ambo ruhusa ya kupekua humo ndani? Angekuja nyumbani kwangu akafungua sanduku la mke wangu, angetoka mzima?"

Wakampigia makofi. Hata Adoyo alipiga.

Alexander, mwalimu wa kompyuta wa sekondari, akanyoosha kidole kana kwamba yuko darasani kwake. "Ruhusa mlitoa wenyewe. Simu ikiwashwa mara ya kwanza inaonyesha masharti, na chini kuna neno 'nakubali'. Mtu akibonyeza, amekubali."

"Nimebonyeza lini mimi?" Ngosha akauliza.

"Hukubonyeza wewe. Alibonyeza Jonathan."

Jonathan akatabasamu kwa unyenyekevu, kama mtu aliyesifiwa.

"Halafu tusifanye mzaha," Alexander akaendelea. "Kuna watu wanawafanyia watoto mambo mabaya, wanawapiga picha, wanatumiana. Bila mashine za kukagua, hao hawakamatwi. Mimi nafundisha watoto. Bora wakague simu yangu kila siku kuliko mtoto mmoja aumie."

Hilo lilimwingia Adoyo. Watu wa namna hiyo wapo, naye angewashona midomo kwa sindano ya turubai bila kusikia huruma. Angenyamaza hapo kama angekuwa na busara, lakini busara na Adoyo walikuwa wanapishana siku nyingi.

"Mwalimu," akasema, "hiyo mashine inajuaje? Mama anayemwogesha mwanawe, na huyo shetani unayemsema, picha zao si mtoto yule yule hana nguo?"

"Ndiyo maana mashine ikishuku, kuna watu wanahakiki, mama."

"Kwa hiyo baada ya mashine anaangalia mtu."

"Ndiyo. Lakini ni mtaalamu."

"Mtaalamu wa kuangalia watoto wa watu."

Uani wakacheka. Nestory akagonga meza.

"Mimi kwa upande wangu sina cha kuficha," akasema. "Wakague tu. Mtu mwadilifu haogopi kukaguliwa." Simu yake ilikuwa mezani, imelazwa kifudifudi, na kila ilipotetemeka aliifunika kwa kiganja. "Tatizo letu si kampuni. Tatizo letu ni kwamba miongoni mwetu, hapa hapa, yumo mtu mchafu, na kwa ajili yake wote tumefungiwa. Kampuni imekataa kututajia picha. Basi tuitafute wenyewe. Simu zote ziwekwe mezani, tuunde kamati."

Igoma ukitaja kamati, hata waliokuwa wanasinzia hukaa vizuri. Watu waliokasirishwa na mgeni kuchungulia picha zao walianza kugombania nafasi ya kuchungulia za wenzao. Mikono ikapanda, na uliotangulia ulikuwa wa Ngosha. Adoyo aliutazama mkono ule kwa dharau.

"Mzee Ngosha, na sanduku la mke wako?"

"Hapa ni tofauti, Mama Modesta," Ngosha akasema bila aibu hata kidogo. "Yule simjui. Hawa ni watu wetu, tunafahamiana."

"Si ndiyo ubaya wenyewe! Yule wa ng'ambo akiona, sitakutana naye sokoni. Hatamjua mwanangu kwa sura. Hatakaa nyuma yangu kanisani. Nyie ndio mtakaokaa."

Maneno yakamtoka, na alipoyasikia alijua ameharibu. Selina, muuza vitenge ambaye duka lake limepakana na la Adoyo, akasogea kidogo kwenye benchi.

"Mama Modesta," Nestory akasema kwa upole wa kimahakama, "wenzako wote wamekubali. Wewe una nini?"

"Nina simu yangu."

"Weka mezani."

"Siweki."

Alikuwa ameishika mapajani, chini ya kitenge. Kufuta picha zile kungechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya, na kidole chake kilikuwa tayari kwenye kioo. Hakufuta. Afute kwa nini? Alikuwa amemuuguza mtoto. Kufuta kungekuwa kukubaliana na ile mashine, na kukubaliana na Nestory, na Adoyo aliona heri auawe kuliko kukubaliana na Nestory.

"Basi tunaelewa," Nestory akasema, na benchi zima likaguna kuonyesha kwamba limeelewa.

Hapo Jonathan akashindwa kuvumilia. Alikuwa anampenda Adoyo. Ndiye aliyemshonea sare miaka yote ya shule. Akasimama, machozi yakimlengalenga, akafanya kitu cha ukarimu mkubwa.

"Jamani, msimwonee mama," akasema. "Hana ubaya wowote. Picha yenyewe naijua. Ni ya mjukuu wake, Anyango, aliungua tumbo na mapaja. Alikuwa anamtumia daktari. Tena kidonda kilikuwa kibaya, mnisadiki, kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Mimi mwenyewe nilisikitika."

Adoyo alisikia jina la mtoto likipita benchi hadi benchi, likifika ukutani, likitoka nje kwa waliokuwa wanachungulia mlangoni. Hasira alikuwa nayo, lakini uchungu uliizidi, akakaa akiutazama udongo.

Alexander ndiye aliyezinduka kwanza. "Jonathan. Wewe umeijuaje?"

"Si zote zinakuja kwangu?" Jonathan akajibu, akishangaa kuulizwa. "Akaunti ni yangu. Mkipiga picha, inapanda huko yenyewe. Nikifunga duka nilikuwa naziangalia, basi tu, kupoteza muda. Sina nia mbaya."

Hapo, mtu angetegemea radi. Watu wazima wanaambiwa kwamba kijana wa dukani amekaa na maisha yao kiganjani tangu wamjue, picha za arusi na za misiba, za vyumbani na za vyooni, na anakiri mwenyewe mbele ya mwenyekiti. Adoyo aliinua uso akisubiri angalau Ngosha amkabe. Kweli Ngosha alisimama, akaenda hadi kwa Jonathan, akamwekea mkono mkubwa begani.

"Zote?" akauliza kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilisikika hadi barabarani. "Hata za mwenyekiti?"

Uani wakaangua kicheko. Nestory akajifanya hakusikia, akaifunika simu yake kwa mikono miwili. Lakini kikao kilipovunjika, huku kamati haijaundwa na kampuni imesahauliwa kabisa, Nestory ndiye aliyemvuta Jonathan pembeni ya tangi la maji, amemshika mkono kibaba, akimuuliza, yeye kama mzee wa mtaa, kwa nia njema tu, kama kuna lolote la kutia wasiwasi kwenye simu ya Ngosha. Selina naye alikuwa anangoja zamu. Mwalimu Alexander alizunguka zunguka akitazama saa, akaondoka, akarudi, akapanga foleni. Jonathan, ambaye alifika pale akitegemea kupigwa, aliondoka akiwa mtu muhimu kuliko wote Igoma.

Adoyo alitoka bila kuaga. Hakuna aliyemwona akitoka.

Wiki iliyofuata hakuna aliyemsema vibaya. Aliyoyaogopa hayakumjia kwa sura ile. Yalikuja yamevaa huruma, na huruma huwezi kuifungia mlango. Selina aliingia akiwa na ndizi. "Pole, shoga, kumbe mtoto aliungua hivyo na hukusema? Hebu nione." Akalifunua gauni la Anyango, akasikitika, akalifunika. Mama mmoja aliyeleta kitambaa cha sare akasema mwanawe aliungua vile vile, akataka kulinganisha. Muuza maji akasimamisha baiskeli. Wote waliinama, wote waliuliza, "Anyango, tumbo limepona?" kwa sauti tamu, na kila aliyeona alimpa mtoto kitu, pipi au karanga. Adoyo alisema, "Limepona, asanteni, mwacheni acheze," akaonekana ana roho mbaya. Mwisho akawa anamketisha mtoto nyuma ya cherehani, ukutani, lakini mtoto wa miaka mitatu hakai ukutani.

Ijumaa akaja Nestory kuchukua kaptula za wajukuu wake. Shati lake lilikuwa limenyooka, sauti imenyooka, na hakutaja kikao. Adoyo akainamia mfuko wa nguo kutafuta kaptula. Alipoinuka, Anyango alikuwa ametoka nyuma ya cherehani na kusimama mbele ya mzee. Nestory hakuwa amemuuliza kitu. Hakuwa hata amemsemesha. Mtoto alimwona mtu mzima, akafanya kile ambacho watu wazima wa Igoma wote walikuwa wanakitaka kwake: akashika pindo la gauni kwa mikono miwili, akalipandisha hadi kidevuni, akangoja pipi.

Nestory akavaa miwani.

Adoyo alifika kwa hatua moja, akalishusha gauni kwa nguvu hadi mshono wa bega ukaachia. "Usimwonyeshe mtu!" akamfokea mtoto. "Usimwonyeshe mtu yeyote, unasikia?"

Anyango alimtazama bibi yake, midomo ikaanza kutetemeka. Wiki nzima amewaonyesha, na bibi akiwa hapo hapo, na wote walimsifu.

"Taratibu, Mama Modesta," Nestory akasema, akivua miwani. "Mtoto huyu hana cha kuficha."