Waya Ulipotolewa Mdomoni mwa Kokuberwa

Jumatatu, tarehe 7 Machi 1988, mvua ya ziwani ilianza kunyesha Bukoba saa kumi na moja alfajiri ikakatika saa mbili. Mabati ya mtaa wa Miembeni yalikuwa bado yanadondosha maji wakati Kokuberwa, mke wa Kaijage, alipokalia kiti cha daktari wa meno na kufumba macho. Daktari Magesa alikata waya kwa koleo dogo, akaviweka vipande kwenye kisahani kimoja kimoja. Waya huo wa kunyoosha meno ulikuwa umekaa mdomoni mwa Kokuberwa mwaka mmoja na nusu.

Kokuberwa alikuwa na miaka thelathini na sita. Vita vilipoanza, mwaka 1978, lori lililokuwa likiwakimbiza watu kutoka Bukoba kwenda Muleba lilifunga breki ghafla karibu na Kemondo, na mdomo wake ukagonga chuma. Meno manne ya mbele yakalala upande kama migomba baada ya upepo. Kwa miaka minane aliimba kwaya ya kanisa akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Ndipo mumewe, aliyekuwa akinunua samaki visiwani na kuwauza mjini, akasikia kuna daktari aliyesomea Bulgaria anayenyoosha meno hata ya watu wazima. Akauza ng'ombe, kwa sababu, alisema, alitaka kumwona mke wake akicheka kabla hawajazeeka.

Wanawake wa kwaya walimtania sana siku za waya.

"Koku, umezungushia senyenge mdomoni. Unaogopa maneno yako yatatoroka?"

"Naogopa ya kwako yataingia," alijibu.

Sasa Daktari Magesa alimpa kioo. Meno yalikuwa yamesimama kwa mstari. Kokuberwa aliyagusa kwa ulimi.

"Yanacheza, daktari. Na yanauma."

"Ni kawaida, mama. Vaa hiki kibanio cha plastiki kila unapolala. Baada ya miezi mitatu yatakaza kabisa."

Aliposema hivyo, jino moja la juu liligeuka kidogo kwenye fizi, kama mtu anayejigeuza kitandani. Kokuberwa alidhani ni kwa sababu ya waya. Alimshukuru daktari, akapanda basi kurudi kijijini kwao Muleba.

Miaka ile watu walitoka kwenye msiba mmoja wakaenda mwingine na majembe yaleyale mabegani. Ugonjwa ulikuwa na majina mengi, na msibani halikutajwa hata moja. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa kwenye nyasi zilizotandazwa uani. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kilipitishwa, na msemaji wa ukoo akasimama kumwahidi mjane mbele ya watu. Kila aliyesikia alitafuna punje yake, na kutafuna huko ndiko kulikuwa ushahidi.

Jirani yao Bartholomayo alipozikwa, mwezi wa nne, msemaji alikuwa mzee Rweyemamu. Alisema kwamba mjane, Immakulata, atakaa kwenye kibanja chake, nyumba na shamba la migomba, na kula ndizi zake mpaka siku zake zitakapokwisha. Kokuberwa alitafuna kahawa. Jino la pili upande wa kushoto likamchoma hadi sikioni, na usiku huo alipolisukuma kwa ulimi lilicheza.

Akailaumu kahawa. Punje zile ni ngumu, na meno yake yalikuwa bado machanga kwenye nafasi zake mpya. Akaomba: "Bwana, kama ni waya, nipe uvumilivu. Kama ni ule ugonjwa mwingine, nionyeshe mapema, nina watoto." Alikuwa na mabinti wawili, Rozi na Kezia. Mtoto wa kiume hakuwa naye, na kila mtu kijijini alijua kibanja cha mtu asiye na mtoto wa kiume hurudi kwa ukoo.

Mwezi wa saba Immakulata alipita barabarani akihamia mjini, na godoro kichwani na kuku wawili mkononi. Siku hiyo jino la pili liliacha kuuma. Kucheza halikuacha.

Kwenye matanga ya jirani mwingine, Mwijage, Kokuberwa aliificha kahawa chini ya ulimi bila kuitafuna. Ahadi ikatolewa, na jino la tatu likalegea. Kisha kwaya ilialikwa kwenye msiba Kitendaguro, mjini. Huko ndugu wa marehemu alisimama akasema mjane atachukua cherehani, basi. Hakuna jino lililosogea. Kesho yake asubuhi cherehani ilipelekwa kwa mjane na sindano zake zote.

Kutoka Kitendaguro Kokuberwa alipitia kwa Daktari Magesa, akamweleza. Daktari alishika jino moja moja kwa vidole viwili.

"Yanalegea kila msiba?"

"Hapana. Kwenye ahadi tu. Na si ahadi zote."

"Bulgaria sikufundishwa hili," alisema daktari, akaandika kwenye kadi yake. "Ila kila mtu na fizi zake. Basi, mama, usiende misibani."

"Nisipoenda, daktari, mimi nitazikwa na nani?"

Daktari aliifunga kadi.

"Siku ile niliposema yatakaza, yalicheza?" aliuliza.

"Lilicheza moja."

Daktari Magesa alikwenda kunawa mikono, akanawa kwa muda mrefu. Kisha akamwambia aendelee kuvaa kibanio.

Mwanzoni kijijini walinong'ona. Walisema Kokuberwa amekonda, na sasa hata meno yanamwacha, basi na yeye anao. Baadaye wajane walilinganisha siku na siku, wakaelewa kwamba jino hucheza kwa ahadi isiyotimizwa, na minong'ono ikaisha. Tangu hapo matanga yakimalizika aliwekewa kiti mbele, karibu na msemaji, kama anavyowekewa kiti mwinjilisti. Watu walimsikiliza msemaji na kumtazama Kokuberwa mdomoni. Mjane alimsogelea baada ya sala.

"Ma Koku, limecheza?"

"Limecheza, dada."

"Sana?"

"Anza na vyombo."

Na mjane alianza na vyombo, akavifunga kabla hajafukuzwa. Wengine waliwahi kuchimba mihogo yao na kuwatafutia watoto shule kwa wajomba. Kwa hayo walimshukuru. Rweyemamu naye hakumchukia. Alipoona shavu lake linashtuka aliongeza tu mwendo wa maneno, amalize kabla mvua haijanyesha. Ahadi zilibaki zilezile, na wajane waliendelea kupita barabarani na magodoro.

Mwezi wa nane Kaijage alirudi kutoka visiwani na homa. Ilipoa, ikarudi, ikapoa, ikarudi. Alikuwa mtu wa mabega mapana, lakini kufikia mwezi wa kumi Kokuberwa aliweza kumgeuza kitandani peke yake. Kaka mkubwa wa Kaijage, Byarugaba, alikuja kumjulia hali kila Jumapili baada ya ibada. Alikaa dakika chache chumbani, kisha akatembea kibanjani akihesabu migomba kwa fimbo. Jumapili ya tatu alikuja na mbuzi wake wawili akawafunga nyuma ya jiko.

"Nyasi kwangu zimekwisha," alisema.

"Huku zipo, Ta Byarugaba," alijibu Kokuberwa kwa heshima.

Jioni moja Kaijage alikunywa uji nusu bakuli, akatabasamu.

"Cheka nione," alisema.

Kokuberwa alicheka bila kuziba mdomo.

"Ng'ombe yule hakupotea bure. Nitapona, Koku. Senene wakianguka mwaka huu nitakuwa nje na taa nikiwakamata pamoja na wasichana."

Jino la kulia, ambalo lilikuwa halijawahi kusogea, liligeuka polepole mpaka likagusa la jirani yake. Kokuberwa alifuta uji kidevuni mwa mumewe.

"Amina," alisema. Kisha akatoka kwenda jikoni, akapiga magoti karibu na mafiga, na siku hiyo hakuweza kuomba kwa maneno.

Kaijage alifariki Jumatatu, tarehe 7 Novemba. Usiku huo senene walianguka wengi, na majirani waliokuja kulia walikuja na ndoo.

Siku ya kumaliza matanga ilikuwa Jumamosi. Nyasi zilitandazwa uani. Kiti cha Kokuberwa kiliwekwa mbele kama kawaida, na mabinti zake wakakaa chini, mmoja kila upande wa magoti yake. Jino moja tu la mbele lilikuwa limebaki imara. Ni lile la katikati, ambalo waya ulikuwa umelivuta kwa taabu kuliko yote, na ambalo tangu mwezi wa tatu halikuwahi kumsumbua. Asubuhi alikuwa ameliombea hilo peke yake. Hakuombea nyumba, wala kibanja. Alisema, "Bwana, hili tu lisimame leo."

Rweyemamu alisema kwamba kwa kuwa marehemu ana kaka, kaka ndiye atakayesema. Kikapu cha kahawa kilipitishwa. Byarugaba alichukua punje yake, akasafisha koo, akanyanyuka. Alikuwa hajafungua kinywa bado wakati jino la katikati lilipotoka. Halikuuma. Lilianguka juu ya ulimi, na Kokuberwa akalitema kiganjani. Lilikuwa jeupe, refu, limenyooka vizuri.

Watu wote walilitazama. Mchungaji alilitazama akainamisha kichwa. Immakulata, ambaye alikuwa amekuja kutoka mjini kuzika, alisimama taratibu, akaingia ndani, na sauti ya sufuria zikipangwa moja ndani ya nyingine ikasikika mpaka uani. Rozi alifungua kona ya kanga ya mama yake. Kokuberwa aliliweka jino humo, na Rozi akafunga fundo.

"Shemeji, uko tayari kusikia?" aliuliza Byarugaba.

"Niko tayari, Ta Byarugaba."

Aliweka punje ya kahawa mdomoni, upande wa nyuma, kwenye magego. Uani watu wote walifanya vivyo hivyo. Nyuma ya jiko mbuzi walilia, na Byarugaba akasubiri wanyamaze. Alitazama lile fundo la kanga, kisha akainua mkono wa kulia.

"Mbele ya Mungu, mbele ya mchungaji, na mbele ya ninyi nyote mnaotafuna kahawa hii," alisema, "nyumba hii ni ya Kokuberwa, na kibanja hiki ni cha Kokuberwa na watoto wake, na hakuna mtu atakayemtoa hapa maadamu mimi ni hai."