Barua Pepe ya Shimo la Udongo

Mimi Tulinagwe, katibu wa akina mama wafinyanzi, siku zote nitasema kwamba ile barua pepe ya kwanza niliiandika kwa adabu. Kwetu huendi kwa mtu ukamtupia shida yako mlangoni. Unamsalimia, unamuulizia watoto, unampa habari za mvua, unamtajia waliofariki, ndipo unakohoa kidogo na kusema kilichokuleta. Nilifuata hivyo hivyo, kwa siku mbili nzima, na Bibi Jeni, mwenyekiti wetu, alipitia kila mstari kuhakikisha hakuna aliyesahaulika.

Kilichotuleta kilikuwa kizito. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameiomba kamati ya ardhi ajenge ghala la kakao juu ya shimo letu la udongo, karibu na njia ya Itungi. Maoni yangepokelewa kwa barua pepe hadi Ijumaa saa kumi jioni. Udongo wa sehemu nyingine tumeshaujaribu, vyungu vinapasuka motoni. Bila shimo lile, wanawake thelathini na wawili tungekaa bure, na mimi sijui kazi nyingine.

Wateja wetu wote huandika majina na anwani kwenye daftari la wageni. Walikuwa mia nne na kumi na wawili. Jumatatu asubuhi nikawatumia barua. Ombi letu, kwamba waiandikie kamati, lilikuwa aya ya tisa, baada ya msiba wa mzee Andrea na kabla ya baraka za kufungia.

Kesho yake nilikimbia na simu hadi kibandani kwa Bibi Jeni, anakouzia vyungu kando ya barabara.

"Mugonile, Bibi!" nikamsalimia kwa Kinyakyusa. "Watu sabini wamejibu!"

"Ndaga fijo, asante sana! Hebu soma."

Nikasoma. Mama mmoja wa Mbeya alisema na wao ni wazima. Mwalimu wa Tukuyu alifurahi kusikia mpunga wa kwetu Ngonga umestawi. Wengi walitupa pole kwa msiba wa mzee Andrea, na mmoja alituma picha ya wajukuu wake wanne. Shimo hakulitaja hata mtu mmoja. Nikampigia karani wa kamati kuuliza wamepokea barua ngapi.

"Mbili," akasema. "Moja ni yako."

Nilipandwa na hasira. Nikawasema wateja wote mia nne pale pale, kwamba macho wanayo ya mapambo. Katikati ya maneno yangu gari likasimama barabarani, dereva hakuzima hata injini. Bibi Jeni alinyanyua chungu, akakigonga kwa kidole kikalia, akasema, "Chukua hiki, mama, hakivuji." Mteja akalipa. Ni wakati wa kukifunga kwa majani ya migomba ndipo Bibi Jeni alipomuuliza habari za nyumbani.

"Mbona hukumsalimia kwanza?" nikamuuliza gari lilipoondoka.

"Injini inanguruma, angeniacha na salamu zangu mdomoni."

"Bibi, na hawa wa barua pepe injini zao zinanguruma!"

Alikataa katakata. Kumwomba mtu kabla ya kumjulia hali ni kumdharau, akasema, na jina lake ndilo liko chini ya barua. Tukabishana mpaka wali ukapoa. Mwishowe nikamwambia, "Basi Ijumaa wewe ndiye utakayewaambia wenzetu kwamba shimo limekwenda ila salamu zilifika." Nilijuta palepale, maana aliinama akaanza kukwangua udongo uliokauka mikononi mwake.

"Andika," akasema. "Lakini salamu zangu usizifute. Zishushe chini."

Barua mpya ilikuwa na kichwa hiki: "Udongo wa chungu chako utafunikwa, una hadi Ijumaa kuuokoa." Ikafuata picha ya mikono ya Bibi Jeni, sentensi tatu, na kitufe kimoja chekundu: "Iandikie kamati, waambie unapika nini kwenye chungu chako." Salamu zikaja baada ya hapo, kwa mwenye nafasi. Kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni nikashusha picha ya kwaya na cheti cha usajili, kitufe kikakaa juu kabisa.

Alhamisi karani akanipigia mwenyewe. "Dada, waambie watu wako wapumzike. Ni barua mia mbili na tatu!"

Jumatatu iliyofuata kamati nzima ilikuja kuliona shimo. Mwenyekiti wao, bwana Tuntufye, alisimama ukingoni akasoma barua moja kwa sauti: "Chungu hiki alikinunua marehemu mke wangu. Maharage yake siwezi kuyapika kama yeye, ila kila Jumapili najaribu. Naomba msifunike udongo." Akakunja karatasi, akajipangusa uso, akasema ghala litafutiwe kiwanja kingine.

Nililia kwa furaha bila aibu yoyote. Bibi Jeni hakungoja hotuba. Aliingia shimoni na gauni lake la kanisani, akaanza kuchimba kwa mikono, na sisi wengine tukamfuata huku tukipiga vigelegele. Bwana Tuntufye tukampa ndoo ashike.